Gunia na Kibaba

Kila mtu ajua bei ya pakiti ya unga, lakini ni wachache wajuao jinsi bei hiyo ilivyofika dukani. Wewe, msomaji, hutumwa jioni, ukanyoosha mkono na shilingi zako, ukapokea unga, ukarudi nyumbani kabla maji hayajachemka. Hapana jambo jepesi kuliko hilo. Walakini nyuma ya mkono ule uliokupa unga upo mkono mwingine ulioutoa bohari, na nyuma ya huo upo mwingine ulioupakia kiwandani. Chakula huja kwa njia moja na fedha huenda kwa njia nyingine, na mahali zinapokutana njia hizo mbili pana mtu aliyesimama. Nataka kukueleza habari za mtu huyo, maana nililelewa nyumbani kwake. Mtu huyo alikuwa mama yangu.

Duka la mama lilikuwa la mabati, upana wake hatua nne na urefu wake hatua tano, katika kijiji kimoja kando ya njia itokayo Mariakani kwenda Kaloleni. Ndani yake mlikuwa na unga, sukari, maharagwe, chumvi, majani ya chai, mafuta ya taa, sabuni na viberiti. Palikuwa na mizani moja, na kopo moja la bati tuliloliita kibaba, ingawa sidhani kama lilikuwa sawasawa na kibaba cha wazee. Wazee wetu wa pwani walihesabu vibaba viwili kuwa kisaga, visaga viwili kuwa pishi, na pishi sitini kuwa jizla. Vipimo hivyo vimekwisha kuachwa na watu wengi, lakini tofauti waliyoijua wazee ingalipo: yupo mtu anunuaye kwa jizla na yupo mtu anunuaye kwa kibaba, na shida zao hazifanani.

Gunia la sukari lina kilo 50. Robota la unga lina pakiti 12 za kilo mbili mbili. Jirani yetu hakuhitaji gunia wala robota. Alihitaji robo kilo ya sukari na pakiti moja ya unga, tena alivihitaji saa moja ya jioni, wakati watoto wamekwisha kuanza kulia. Kazi ya duka la jumla ni kukusanya. Kazi ya duka la rejareja ni kumega. Mama alinunua magunia Mombasa, akayamega hata yakawa chakula cha jioni. Ujira wake katika kazi hiyo ulikuwa mdogo. Pakiti ya unga aliyoinunua kwa shilingi 48 aliiuza kwa shilingi 50, na hapo tumeiacha kando nauli ya mzigo. Ishike hesabu hii, msomaji, maana tutairudia.

Biashara ya jumla katika nchi yetu haikuanza kwa fedha mkononi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba nguo na shanga zilizokopwa kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, na deni lililipwa msafara uliporudi na pembe. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, hata ikafika Kisumu mwaka 1901, maduka yaliifuata. Allidina Visram, ambaye jina lake lingali juu ya shule moja ya Mombasa, alikuwa na maduka kando ya reli na hata Uganda kabla ya kufa kwake mwaka 1916. Mwenye duka la bara aghalabu alipewa mali kwanza, akauza, ndipo akalipa. Imani ilisafiri pamoja na mzigo. Lakini imani ile ilikwenda zaidi kwa jamaa na kwa watu waliojuana. Baada ya Uhuru, Serikali iliunda shirika la biashara la taifa mwaka 1965, na mwaka 1967 ikapitisha sheria ya leseni za biashara, ili raia wapate nafasi katika kazi iliyokuwa mikononi mwa wageni. Leseni zilipatikana. Walakini leseni haikumpa mtu mtaji, wala haikumpa jina la kukopea.

Kwa mtu kama mama, mlango uliobaki wazi ni ule wa duka la jumla la fedha taslimu: toa fedha, hesabu mali yako, ichukue mwenyewe, nenda zako. Tajiri wa duka hilo hakuulizi ukoo wako, na wala hakungojei. Sisemi mlango huo ni mbaya. Humwezesha mtu asiyejulikana kununua kwa bei ile ile anunuayo mtu ajulikanaye. Mama alikuwa akisema kwamba noti yake haina kabila, na aliusifu mlango huo kwa sababu hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 2005 nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, nami niko likizoni nikingoja kidato cha tatu. Mvua za vuli zilikuwa hazikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, na ng'ombe walianza kuanguka. Hata mwanzo wa mwaka 2006 ulipofika, njaa ilikuwa imekwisha kutangazwa kuwa janga la taifa. Katika siku hizo mama alishikwa na malaria, asiweze kusimama. Duka lilikuwa karibu tupu. Akanipa shilingi 9,600, akazishonea kwa mkono wake mwenyewe ndani ya mfuko wa suruali yangu, maana kutuma fedha kwa simu kulikuwa hakujaanza. M-Pesa ilikuja mwezi wa Machi mwaka 2007. Akaniambia, "Mwanangu, usilale ndani ya gari, na usihesabu fedha mbele za watu."

Nilipanda gari alfajiri. Tulipita Mazeras, Miritini na Changamwe, tukavuka Makupa, na saa mbili nilikuwa mbele ya duka la jumla, si mbali na Marikiti. Waliokuwa pale walikuwa watu kama mama: wenye vibanda na vioski, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na orodha yake mkononi. Desturi ya mahali pale ilikuwa hii. Kwanza wakwenda dirishani kwa karani, ukamsomea mahitaji yako. Karani huandika, huhesabu, nawe hulipa. Kisha huchukua stakabadhi yako mpaka bohari, ambako mahamali huitoa mali na kuipanga mbele yako. Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nyekundu, "Hesabu mali yako kabla ya kutoka." Ukishatoka, kosa ni lako.

Karani alipomaliza kuandika, moyo wangu ulishtuka. Bei ya unga ilikuwa imepanda tangu safari ya mwisho ya mama, na sukari vile vile. Fedha zangu zilipungua kwa marobota mawili. Nikaona si vyema kurudi nyumbani na pengo hilo, nikaomba kumwona mwenye duka. Alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe, ameketi nyuma ya meza ndogo, na mbele yake kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Wewe ni mtoto wa yule mama wa Mariakani. Hajambo?"

"Anaumwa, mzee. Amenituma mimi. Nimepungukiwa na marobota mawili ya unga. Tafadhali niandikie, mama ataleta fedha juma lijalo."

Hakukasirika. Alinivutia kiti. "Mama yako amenunua hapa miaka tisa," alisema, "nami sina shaka naye. Lakini wanunuzi kama yeye ninao mia mbili. Nikimwandikia mmoja, wote watakuwa na habari kabla ya adhuhuri. Sasa hesabu, wewe ni mwanafunzi. Robota hili nimelinunua kwa shilingi 594, nami nakuuzia kwa shilingi 600. Likipotea moja, nitauza mangapi ili nirudi nilipokuwa?"

Niligawanya kichwani. "Tisini na tisa, mzee."

"Basi umeelewa. Faida yangu haimo katika bei. Imo katika mwendo. Mali iingie asubuhi, itoke jioni, na fedha zirudi kiwandani kesho. Deni ni jiwe katikati ya mfereji."

Nilitoka pale nimenyimwa, lakini sikutoka na uchungu. Kwa kweli nilitoka nimelewa hesabu. Njia nzima ya kurudi, nikiwa nimebanwa kati ya abiria na mzigo wetu uko juu ya gari, niligeuza hesabu ile na kuitia katika duka letu. Pakiti moja ikikopwa isilipwe, mama amepoteza shilingi 48. Faida yake kwa pakiti ni shilingi mbili. Basi ni lazima auze pakiti 24, yaani marobota mawili mazima, ili aifidie pakiti moja tu. Nilijiona nimegundua ugonjwa wa nyumba yetu, na dawa yake nikaiona vile vile.

Usiku ule mama alipokuwa amelala nililifungua daftari la madeni. Mlikuwa na majina 23, na jumla yake ilikuwa shilingi 11,340. Fedha hizo zilizidi zile nilizokuwa nimezibeba Mombasa. Zilizidi pia karo yangu ya muhula wa kwanza, ambayo ilikuwa haijapatikana. Nikafikiri: mama ananunua kwa fedha na kuuza kwa maneno. Nikachukua karatasi kubwa, nikaandika kwa hati nzuri majina yote 23, kila jina na deni lake, na juu yake nikaandika, "Wenye Madeni Walipe Upesi." Asubuhi niliibandika mlangoni kwa uji wa unga.

Watu walikuja, wakasoma. Mmoja alilipa papo hapo, akazitupa shilingi zake juu ya meza kama atupaye takataka. Wawili waligeuka wakaenda zao. Kijana mmoja alisoma kwa sauti na kucheka. Nami nilisimama nyuma ya meza, nikijiona mwenye haki.

Yapata saa nne alikuja mjane mmoja, jirani yetu, tuliyemwita Hawe, maana ndivyo kwetu tunavyomwita bibi. Alikuwa akilea wajukuu watatu. Deni lake lilikuwa shilingi 100, yaani pakiti mbili. Aliona watu wamesimama mbele ya karatasi, naye akasimama, akaitazama sana. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, karatasi hii yasemaje? Unajua macho yangu hayakupelekwa shule."

Jina lake lilikuwa la sita kutoka juu. Nilifungua kinywa, nisipate sauti. Wale waliokuwa pale walinyamaza, wakanitazama waone nitasemaje. Mwisho nilisema, "Ni bei mpya, Hawe. Vitu vimepanda."

"Ndiyo, vimepanda," alijibu. "Basi niandikie na chumvi."

Nilimwandikia. Alipokwisha kuondoka niliichukua karatasi ile, ikachanika, kipande chake kikabaki mlangoni kwa miezi mingi. Nimewahi kupigwa shuleni, na nimewahi kushindwa mtihani, lakini sijaona aibu nyingine iliyofanana na ile. Elimu ambayo mama aliilipia kwa shilingi mbili mbili nilikuwa nimeitumia kumtangaza mtu asiyeweza kuisoma.

Mama alipata habari kabla ya jua kutua. Nilitazamia ukali. Aliketi kitandani, akaniambia niilete hesabu yangu, nami nikamweleza yote: lile la marobota tisini na tisa na lile la pakiti ishirini na nne. Akasikiliza mpaka mwisho. "Hesabu yako ni sawa," alisema. "Hata yule mzee amesema kweli. Yeye ana watu mia mbili asiowajua nyumbani kwao. Mimi nina ishirini na watatu ninaowajua. Asiyelipa kwa sababu hana, nitamngoja. Asiyelipa ilhali anacho, nitamfuata mwenyewe, usiku, bila karatasi."

Nilipolitazama tena daftari niliona jambo ambalo hasira ilinizuia kuliona. Deni kubwa kuliko yote halikuwa la mtu maskini. Lilikuwa la mtu wa mshahara wa kila mwezi, shilingi 2,600, na tarehe zake zilianzia kabla ya ukame. Mama alipopata nafuu alikwenda kwake usiku, akarudi na nusu ya fedha hizo. Hawe hakufuatwa.

Usidhani, msomaji, kwamba wema ule haukuwa na gharama. Mwezi wa Januari mwaka 2006 nilichelewa kwenda shule kwa majuma matatu, kwa kuwa karo yangu ilikuwa imo katika matumbo ya jirani. Niliketi dukani nikiwaona wenzangu wakipita na masanduku yao, na sitasema uongo: nilimlaumu mama. Masika yalipokuja watu walilima, na baada ya mavuno wengi walilipa, wengine kwa fedha, wengine kwa mahindi na kuku. Hawe alilipa shilingi zake zote, akiwa amezifunga katika ncha ya leso. Lakini shilingi 3,200 hazikulipwa mpaka leo. Zigawe kwa mbili, utaona ni pakiti 1,600, au marobota zaidi ya 130, ambayo mama aliyabeba bure kutoka Mombasa. Duka halikufa, ila lilipungua, na miaka miwili ilipita kabla halijanunua tena gunia zima la sukari.

Nimepata kuona tangu hapo kwamba deni halipimwi kwa mizani moja kwa watu wote. Maduka makubwa ya kujihudumia hupewa mali na wenye viwanda bila ya kutoa fedha siku ile, wakalipa baada ya majuma au miezi, ilhali mwenye kioski hulipa papo hapo. Mkubwa akikopa huitwa mteja, na mdogo akikopa huitwa mwombaji. Nakumatt, ambayo matawi yake yalikuwa katika miji mingi ya Kenya na hata nchi jirani, ililemewa na madeni ya mabilioni ya shilingi, na mwaka 2020 wadai wake waliamua ifungwe kabisa. Wengi wa wadai hao walikuwa watu waliokwisha kuipelekea mali. Shilingi mia ya Hawe ililipwa. Mabilioni yale yaliwaangukia waliokopesha. Hesabu ya yule mzee wa Mombasa haichagui cheo.

Nami pia nimeandikwa katika daftari. Nilipotoka chuo cha ualimu sikupata kuajiriwa na Serikali upesi, nikafundisha kwa ujira mdogo uliolipwa na halmashauri ya shule, na ujira huo ulikuja ulipopenda. Karibu na shule palikuwa na kioski cha mama mmoja. Aliniandikia unga, sukari na mafuta kwa miezi minne. Katika mwezi wa tatu nilianza kupita njia ya nyuma, ile iliyozunguka shamba la migomba, ili asinione. Mtu aliyewahi kubandika karatasi ya wenye madeni sasa alikuwa akijificha nyuma ya migomba! Fedha zilipokuja nilikuwa na hamu ya viatu, maana vyangu vilikuwa vimetoboka. Nilikaa nazo siku mbili, nikivitazama viatu dukani na kurudi. Siku ya tatu nilikumbuka pakiti ishirini na nne, nikapita njia ya mbele. Yule mama alifuta jina langu kwa mstari mmoja, kisha akaniuliza, "Mwalimu, leo nikuwekee nini?" Hakusema neno jingine.

Siku hizi mengi yamegeuka. Mwenye duka huagiza mali kwa simu, hulipa kwa simu, na pikipiki humletea mlangoni. Wako hata wakopeshaji watoao deni kwa simu, wasiojua uso wa mtu wala wa mtoto wake. Lakini pakiti ya unga ingali na faida ya shilingi chache, na jioni ingali na watoto wenye njaa. Mama ameuzeeka udukani. Daftari lake ni la kumi na moja sasa, na mimi ndimi nimjumlishiaye hesabu kila mwisho wa mwezi ninapokwenda kumwamkia.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukitumwa dukani leo ukaambiwa useme, "Mama amesema uandike," usione haya, maana kukopa kwa haja si dhambi. Lakini litazame jina linapoandikwa, na ulikumbuke siku fedha zitakapoingia nyumbani. Yule anayekuandikia alilipa kwa fedha taslimu asubuhi, dirishani kwa karani, na hakuna aliyemwandikia yeye.